Hema Mbele ya Kilima

Uwanja wa majaribio
Jumapili, 12 Januari 2025

Mke wangu ambaye bado sijakabidhiwa,

Salamu hizi zikukute umekaa, ingawa najua hukai. Sisi tumefika salama. Simu zetu zimefungiwa kwenye sanduku langoni, na mlinzi ametuambia tutazipata siku ya kuondoka. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu, kitu ambacho sijakishika tangu mitihani ya chuo, na ukishindwa kusoma mwandiko huu mlaumu mlinzi. Zachariah, yule dereva Mkenya anayeleta maji na chakula, amekubali kuwa posta yetu. Anatoka Muscat kila Jumapili na Jumatano asubuhi, anarudi jioni. Nasr hana neno, mradi tusiandike vipimo wala ramani. Mkubwa wetu huyo amehamia huku na mkeka wake na birika lake, na hataondoka mpaka jaribio liishe.

Uwanja ni changarawe tupu, na kilima kimoja cha mawe upande wa kulia. Mbele ya kilima ndipo tutakapofunga hema la wageni, ili waone vizuri kombora linaposhuka. Hawa ndio watakaoamua kama mradi unaendelea au unafungwa. Jumanne ya tarehe ishirini na nane tutarusha makombora yote matatu. Hayana baruti, ni chuma na vyombo vyake tu, lakini moyo unanienda mbio. Miaka miwili mimi na wewe tumelirusha kombora hili ndani ya kompyuta, mara elfu na elfu, kabla hata msumari wake haujatengenezwa. Sasa lipo. Nimeligusa, ni baridi.

Nasr anataka na wewe uje siku hiyo. Nimemwambia utakuja hata kwa miguu.

Msalimie Bi Muhsina. Mwambie mkwewe anakula vizuri, ingawa ni uongo.

Wako,
Loai

*

Azaiba
Jumatano, 15 Januari 2025

Loai,

Waaleikum salaam. Umepatia, sijakaa. Mama amenizungusha kumbi za harusi tangu Alhamisi. Huu taa zake kali, ule maegesho yake madogo, na shangazi zangu wa Unguja wanafika mwezi ujao wakitaka kila kitu kiwe tayari kabla ya Ramadhani. Jana usiku kaniambia, "Nnataka jibu, Wijdan, si uso." Nikampa uso.

Kuna jambo, na nitalisema polepole kwa sababu mimi mwenyewe limenichukua siku mbili kulikubali.

Nilikuwa natayarisha picha za kuwaonyesha wageni, ile ya nukta zinazoonyesha kila kombora limeanguka wapi. Nilitaka picha ya pili, makombora mengine elfu, upepo mwingine, joto jingine, makosa mengine ya mtambo. Nikabonyeza. Ikaja picha ile ile, nukta kwa nukta. Nikabonyeza tena, nikapata ile ile.

Unajua kwa nini. Kompyuta haijui kubahatisha. Tunaipa namba ya kuanzia, na kutoka hapo inajipangia pepo na makosa yote. Ukiipa namba nyingine, inapanga mengine. Ukiipa ile ile, inarudia yale yale. Mwanzoni tuliifunga namba moja kwa makusudi, ili tukibadilisha umbo la mapezi ya kombora tuweze kulinganisha la zamani na jipya katika hali zile zile. Hilo lilikuwa sawa. Lakini tulitakiwa kuifungua baadaye, na hatukuifungua. Namba uliyoweka ni tarehe ya milka yetu, siku tuliyofungishwa nikahi. Uliandika pembeni, kwa Kiarabu, "siku ya Wijdan". Niliiona mwaka juzi nikacheka peke yangu, na tangu hapo kila nilipofungua faili ile nilifurahi. Mtu mwingine yeyote angeibadilisha. Mimi nilikuwa naipitia kama mtu anayepita mbele ya picha ya harusi ukutani.

Kwa hiyo miaka miwili tumelifundisha kombora letu kufaulu mtihani ambao maswali yake lilikwishayajua.

Jana nimeibadilisha namba. Mengi yanakwenda vizuri bado. Lakini katika kila elfu, manne au matano yanapotea. Pezi moja likichelewa kufunguka huku upepo ukitoka ubavuni, kombora hujirekebisha kupita kiasi, na linakata kulia. Kulia, Loai, kunako kilima.

Nijibu haraka.

Wijdan

*

Uwanja wa majaribio
Jumatano, 15 Januari 2025

Wijdan wangu,

Zachariah amesimama mlangoni anasubiri barua hii na gari limewashwa, nisamehe kwa ufupi.

Kwanza, nimeona aibu kidogo kuhusu ile tarehe, na kidogo nimefurahi kwamba uliipenda. Pili, tulia. Manne katika elfu! Sisi tuna makombora matatu. Ukipiga hesabu hiyo kwa matatu unapata kitu ambacho mtu mzima hawezi kukosa usingizi kwa ajili yake. Kwenda sokoni Mutrah kwa gari kuna hatari zaidi.

Hili ni kombora la kwanza, usanifu wa mwanzo kabisa. Kila usanifu wa mwanzo una kasoro. Tutarusha, wataona, wataupitisha mradi, halafu tutakaa mimi na wewe tulirekebishe pezi hilo kwa nafasi. Lakini nikimwendea Nasr leo nikamwambia matokeo ya miaka miwili yamesimama juu ya namba niliyoiweka kwa mapenzi, atafanya nini? Atasimamisha jaribio. Wageni hawatarudi. Na mimi nitaitwa yule bwana harusi hadi nitakapostaafu. Kila mtu hapa anajua jina langu liko mbele kwa ule ukuu wa idara.

Usimwambie mtu kwanza. Nipe siku chache nifikirie.

Nakupenda, hata ukigombana na namba.

Loai

*

Azaiba
Jumapili, 19 Januari 2025

Loai,

Umenijibu kuhusu kazi yako, na mimi sikukuuliza kazi yako.

Tangu Jumatano nimebadilisha namba mara nyingi sana, na jibu halibadiliki. Nimeosha vikombe vya ofisi ambavyo si vyangu. Ijumaa nimeendesha gari mpaka Sidab na kurudi bila kushuka, na nilipofika nyumbani mama akaniuliza samaki yuko wapi, maana nilimuaga nakwenda kununua samaki. Nikikaa mbele ya kompyuta nataka kuondoka, nikiondoka nataka kurudi.

Naelewa ugumu wako. Jina lako ni langu pia, au litakuwa. Basi sikuombi usimamishe jaribio. Rusheni. Nakuomba kitu kimoja tu, hema. Lihamisheni nyuma ya kilima. Kombora likikata kulia litapiga mawe na hakuna atakayeumia. Wageni wataangalia kwenye skrini. Ni kazi ya nusu siku, na unaweza kumwambia Nasr sababu yoyote unayotaka, ingawa ningependa umwambie ile ya kweli.

Halina baruti, sawa. Lakini ni chuma kizito kinachoshuka kwa kasi ambayo wewe ndiye uliyenifundisha kuihesabu. Ndani ya hema kutakuwa na watu wamekaa wanakunywa kahawa.

Barua hii naituma asubuhi hii. Nataka jibu Jumatano. Nisipolipata, Zachariah atabeba barua ya Nasr badala ya yako. Nimechagua kukwambia wewe kwanza kwa sababu wewe ni mume wangu, na nataka iwe wewe uliyelitengeneza jambo hili, siyo mimi niliyekushtaki.

Wijdan

*

Uwanja wa majaribio
Jumatano, 22 Januari 2025

Mke wangu,

Umeshinda. Usiku wa jana nimekwenda kwa Nasr, tumekaa naye muda mrefu, nimemweleza lile la mapezi na upepo. Hakufoka. Alijimiminia chai, akasema hema lihamishwe. Leo asubuhi vijana wamelihamisha. Lipo nyuma ya kilima, salama kabisa.

Ila ameniomba jambo moja, na mimi nakuomba kwa niaba yake. Usimtajie wala usimwandikie. Anaona vibaya kwamba kasoro hiyo ilimpita yeye pia, na anataka tuimalize kimya kimya baada ya jaribio. Ukimletea barua atajua kwamba watu wa ofisini wameshalizungumza.

Na jingine. Usije Jumanne. Kutoka nyuma ya kilima hutaona chochote ila skrini, na skrini unayo Azaiba. Vumbi ni jingi na choo ni cha mbali. Baki na Bi Muhsina, malizaneni na ukumbi. Mimi nitakuwa pamoja na wageni muda wote, nitakusimulia kila kitu.

Sasa kaa chini, unywe chai. Naomba.

Loai

*

Azaiba
Jumapili, 26 Januari 2025

Loai wangu,

Nimekaa. Nimeisoma barua yako ndani ya gari, kwenye maegesho, na nimelia kidogo, mlinzi wa ofisi akaja kunigongea kioo kuniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia nimepata mume.

Nisamehe kwa barua yangu ile kali. Nilikuwa nimeshaandika ya Nasr pia, ipo hapa mezani, naichana sasa hivi. Nilijua ni jambo zito kwako kwenda kwake, na ulikwenda. Mama anasema nimechangamka ghafla, anadhani ni kwa sababu ya ukumbi. Tumeuchukua ule wa taa kali.

Sitaki kukudanganya, bado kuna kitu kinanikereketa, lakini hivyo ndivyo nilivyo, hata jiko nikilizima narudi kulitazama. Jumanne nitafanya kazi nyingine kabisa. Nitakwenda na mama bandarini, kuna meli kubwa ya watalii inatia nanga na yeye anapenda kuwatazama wazee wa Kizungu na kofia zao.

Zachariah anakuletea mkate wa kumimina wa mama. Ni wa kambi nzima, usiufiche. Bakuli lirudi, maana mama analipenda kuliko mimi.

Mungu awalinde nyote.

Mkeo,
Wijdan

*

Uwanja wa majaribio
Jumatano, 29 Januari 2025

Wijdan, Wijdan, Wijdan,

Yote matatu! La kwanza lilianguka karibu sana na shabaha hata Nasr akanikumbatia, na wewe unamjua Nasr, hakumbatii hata watoto wake. La pili lilipotoka kidogo, kushoto. La tatu lilitua kama limewekwa kwa mkono. Mapezi yalifunguka yote, hakuna lililochelewa. Ungewaona wageni! Lilipoanguka la tatu vumbi lilipanda mbele yao, wakasimama wote wakapiga makofi, mmoja akamwaga kahawa kwenye kanzu yake na wala hakujali.

Mradi umepita. Nasr anasema karatasi zitafuata lakini neno limeshatoka. Anarudi Muscat kesho. Mimi nabaki na vijana wiki moja zaidi tufungashe vyombo.

Umeona sasa? Yale mahangaiko yako yote, kuosha vikombe na kwenda Sidab! Sikucheki, mpenzi. Nacheka kidogo. Nikirudi nitakununulia vikombe vyako mwenyewe uvioshe.

Waambie watu wa ukumbi wawashe taa zote.

Mumeo, mkuu wa idara mtarajiwa,
Loai

*

Ofisini, Azaiba
Alhamisi, 30 Januari 2025

Kwa Madam Wijdan,

Salamu nyingi. Mimi ni Zachariah, dereva. Nimekuja kukuona nikaambiwa umetoka, kwa hivyo ninaacha bakuli la mama kwa mlinzi pamoja na hii barua. Leo jioni mimi na bibi yangu Akinyi tunaenda nyumbani Kisumu kwa likizo ya miezi miwili, sikutaka kwenda kabla sijasema asante.

Ule mkate ulikuwa mtamu sana, wote tulikula hadi ukaisha. Mwambie mama Akinyi anataka afundishwe.

Pole kwa sababu hukuweza kuja. Ulikosa mambo. Siku hiyo mudir Nasr alinituma niwamiminie wageni kahawa kwa hema. Na vile hema iko hapo mbele ya kilima, hakuna kitu inakupita, unaona yote. Kulikuwa na kiti kimoja cha mbele kimeandikwa jina lako, na mudir aliponiona nimesimama tu na birika akaniambia, "Keti hapo, mwenyewe hakuja." Basi nikakaa kwa kiti chako karibu na yeye kama mkubwa. Ya kwanza ilipokuja nilifunga macho, nasema ukweli. Inapiga kelele kama inakuja kwako. Ya tatu sasa nilikuwa nimezoea.

Nilitaka injinia Loai anieleze vile inajua njia, lakini yeye hakuketi na sisi. Huyo ni mtu wa kazi. Kila wakati wakianza kuhesabu, yeye anaenda nyuma ya kilima kuangalia jenereta, ikishaanguka anarudi. Mara zote tatu. Hata mudir aliuliza hiyo jenereta ina shida gani. Umepata bwana mzuri, hata siku ya sherehe hawezi kuacha kazi yake.

Mungu abariki harusi yenu. Mtuwekee nyama.

Zachariah

*

Azaiba
Jumapili, 2 Februari 2025

Loai,

Barua hii anakuletea dereva mpya. Nimemwomba anisubiri niimalize, na safari hii nimekaa kweli.

Zachariah aliniandikia kunishukuru kwa mkate. Anasema hema lilikuwa mbele ya kilima siku yote. Anasema Nasr alikuwa ndani yake, amestarehe, na aliuliza jenereta ina shida gani. Kwa hiyo hukumwambia Nasr lolote. Na wewe, kila walipoanza kuhesabu, ulikwenda nyuma ya kilima.

Kabla ya kuipata barua yake nilikuwa nimeshasoma yako, ile ya wageni kuona vumbi mbele yao, na nilijiuliza waliona vipi. Nilijijibu kwamba labda walitoka nje. Nilikuwa tayari kukutafutia majibu mengi.

Mwanzo nilidhani hukuniamini. Hilo ningelibeba. Wanawake wengi wanaishi na wanaume wasiowaamini, wanagombana Jumamosi na Jumapili wanakula pamoja. Ungekuwa hukuniamini, ungekaa kwenye hema na wenzako, uso umechanua, ukinicheka moyoni, na mimi ningekasirika mwezi mmoja yakaisha. Lakini wewe uliniamini. Hakuna mtu aliyewahi kuiamini kazi yangu kiasi hicho. Ulinizuia nisije, ukajitoa na wewe, mara tatu, bila kukosea hata moja. Kila mtu uliyempenda ulimhamisha. Waliobaki uliwamiminia kahawa.

Najua utasema hakuna aliyeumia. Mama pia kasema. Nilimweleza yote jana, jikoni, akaacha alichokuwa akifanya akaniambia, "Hawakufa watu, mwanangu. Usivunje nyumba kwa jambo ambalo halikutokea." Shangazi zangu wameshakata tikiti. Nimejaribu kukusamehe, Loai, nimejaribu kwa nia safi, kwa sababu nakupenda na sioni aibu kuandika hivyo. Nafika karibu kabisa. Halafu namwona Zachariah kwenye kiti changu amefunga macho, na wewe upo upande wa pili wa mawe umeyafungua, unasikiliza.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Nasr na picha zangu. Nimemwonyesha namba ya zamani na namba mpya, nimemwonyesha yanayokata kulia. Nimemwambia kwamba nilijua wiki mbili kabla ya jaribio, na kwamba nilimwambia mtu mmoja tu nikaridhika. Ningeweza kumwandikia, barua nilikuwa nayo mkononi, nikaichana kwa furaha. Akaniuliza nani alichagua tarehe ile. Nikasema tuliichagua wote wawili, wewe ulipoiandika na mimi nilipoiacha. Akaniuliza kama najua maana yake kwangu kwenye kazi hii. Nikasema najua. Aliivuta picha karibu akaitazama, na nikaona anatafuta mahali alipokuwa amekaa.

Baba ameshazungumza na baba yako. Milka itavunjwa mbele yao, kwa heshima, na kila kitu mlicholeta kitarudi. Usije na zawadi na usije na maneno, maneno unayajua kuliko mimi, na naogopa nitayasikiliza.

Ukitaka kufanya jambo moja, msubiri Zachariah arudi kutoka Kisumu. Mkalishe chini, umwambie mwenyewe ulikuwa unafanya nini nyuma ya kilima. Mpaka leo anadhani ulikuwa unaangalia jenereta.

Wijdan